Jibuni BQ, hata kama jibu ni hapana

Kwenye baraza zetu, iwe Michenzani au Chake, haupiti muda mrefu bila kusikia kwamba kazi kubwa za ujenzi zinachukuliwa na wageni. Kuna ukweli ndani yake. Jengo la abiria namba 3 la uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume lilijengwa na kampuni ya Kichina. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa upya mwishoni mwa 2023, ulikarabatiwa na kampuni ya Kituruki. Lakini mkandarasi mkuu, awe ametoka Beijing, Dar es Salaam au Mwanakwerekwe, hafanyi kila kitu kwa mikono yake. Ndani ya jengo moja kuna kazi ya umeme, mabomba, plasta, gipsam, madirisha ya aluminiamu, milango, rangi, vigae. Kila kipande kinatafuta mtu wa kukifanya, na mtu huyo huanza kutafutwa kabla zabuni haijafungwa. Hapo ndipo mafundi na wakandarasi wadogo wa Zanzibar tunapowakosa.

Nafanya kazi ya kukadiria majenzi hapa Unguja. Zabuni ikitangazwa, naichukua BQ, yaani orodha ya kazi zote za jengo na vipimo vyake, naivunja vipande vipande na kila kipande nakituma kwa watu wa fani yake walete bei. Wanaojibu ni wachache mno. Wengine nawaona wamefungua ujumbe, zile tiki mbili zimeshakuwa buluu, na hapo hapo pameisha. Simpigii mtu vijembe. Naandika kwa sababu naona kimya hicho kinawagharimu wao wenyewe, na wengi hawajui kinawagharimu vipi.

Zabuni ina siku na saa ya kufungwa. Za Serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki, na saa ikifika mfumo hauna mtu wa kumwomba dakika tano. Kwa hiyo bei ya plasta isipokuja, siwezi kupaacha patupu. Nitaweka namba. Nitatazama kazi tuliyofanya zamani, nitaongeza kidogo kwa kupanda kwa vifaa, nitaandika. Hiyo namba si ya fundi, ni ya mtu wa ofisini anayebahatisha.

Tuseme nimeandika shilingi 12,000 kwa mita ya mraba, na kazi ina mita 2,000. Tunashinda zabuni. Sasa fundi anaitwa, anapiga hesabu zake za mchanga, saruji na vibarua, anasema haiwezekani chini ya 15,000. Tofauti ni shilingi milioni 6. Mwenye mradi hatazitoa, maana bei imeshasainiwa. Mkandarasi mkuu naye hataki zitoke mfukoni mwake. Atambana fundi, na fundi akikataa ataletwa mwingine atakayekubali 12,000 kwa kupunguza saruji kwenye mchanganyiko. Ukuta utaanza kumomonyoka kabla mwenye jengo hajalizoea, na watu watasema mafundi wa Zanzibar hawajui kazi. Mchezo wote huo ulianza siku ile BQ ilipopelekwa na haikujibiwa.

Bei ya 15,000 ingefika kabla ya kufungwa, ingeingia kwenye zabuni. Labda tungeshindwa, labda tungeshinda. Lakini tukishinda, fundi angekuta pesa ya kazi yake imo ndani ya mkataba.

Nimezungumza na mafundi wengi kuhusu jambo hili na sababu wanazotoa si za mchezo. Wanasema wanaletewa BQ Alkhamisi jioni, bei inatakiwa Jumamosi asubuhi. Wanasema wakipeleka bei hawaambiwi tena lolote, hawajui kama ilikuwa juu, chini, au haikusomwa. Wanasema wakimaliza kazi malipo yanazungushwa mpaka unaona haya kupita mbele ya duka unalodaiwa nondo. Na linalowauma zaidi ni kwamba bei yao inachukuliwa, inapelekwa kwa fundi mwengine, anaambiwa: huyu amesema hivi, wewe unashusha hadi wapi?

Hili la mwisho ni dhulma, na sitalipamba. Mtu ametembea hadi saiti, amekesha na kalikuleta, halafu jasho lake linafanywa fimbo ya kumpigia mwenziwe. Mkandarasi mkuu anayefanya hivyo ndiye anayeua majibu ya kesho. Kwake yeye mna haki ya kukaa kimya. Lakini msiwafungie na wengine. Kwa fani moja tu katika mji mdogo kama huu, mnajuana, na mnawajua wanaolipa na wasiolipa. Chagueni kampuni chache mnazoziamini na hizo mzijibu kila mara.

Tena kujibu si lazima kuwe na bei. Ujumbe kama huu unatosha kabisa: “Assalam aleikum. BQ nimeipata. Kazi hii sitaiweza, niko Nungwi hadi mwezi wa tatu. Za gipsam zikitokea baada ya hapo naomba mnikumbuke.” Nikipata ujumbe huo siku ya kwanza, nina muda wa kumtafuta mwengine, na jina la aliyeuandika linabaki kwenye orodha yangu likiwa na heshima yake. Asiyejibu mara kwa mara huondoka kwenye orodha polepole. Hakuna anayemfuta kwa hasira. Inafika siku tu hakuna anayemkumbuka.

Nataka kuwataja mafundi wa chokaa peke yao, maana hali yao inanisikitisha. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hautaki saruji. Saruji inaufungia unyevu na chumvi ndani, plasta inabanduka, jiwe nalo linalika. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu, sote tuliona kwamba majengo haya yanataka watu wanaoyajua. Watu hao wapo. Wapo wazee na vijana waliofundishwa kulowesha chokaa, kuiacha ikae, kuipaka kwa tabaka nyembamba na kuisubiri, na wanaojua boriti ipi imeoza kwa kuigonga tu. Lakini zabuni ya ukarabati ikitoka, bei yao haimo mezani. Mkadiriaji asiyejua chokaa inachukua muda gani kukauka ataweka siku za saruji na bei ya saruji, na kazi itakwenda hivyo. Fundi wa chokaa, ukiandika bei yako na chini yake ukaeleza kwa nini kazi inataka wiki kadhaa za kungojea, unalilinda jengo pamoja na tumbo lako.

Na ndugu zetu wa Pemba. Kampuni ya Unguja ikiomba kazi Wete au Konde, inahesabu mambo mengi ambayo nyinyi hamuyahesabu: nauli ya chombo hadi Mkoani, pahala pa kulala vibarua, chakula chao, gari za kuzunguka. Fundi wa Wete anayelala kwake anaweza kuwa na bei nzuri kuliko mtu yeyote atakayevuka bahari, bila ya kujipunja. Ninachokisikia mara nyingi ni “hawa wameshapanga watu wao wa Unguja.” Mara nyingine kweli wamepanga, na wamewapanga kwa sababu bei za Unguja ndizo walizonazo.

Bei yenyewe isiwe namba moja iliyotupwa kwenye WhatsApp. Andika kama ni ufundi pekee au pamoja na vifaa. Andika kama kodi ya VAT imo. Andika nani analeta jukwaa la kupandia, nani anatoa maji na umeme, nani analinda stoo usiku. Andika bei inasimama kwa siku ngapi, kwani mchanga hapa si kitu cha kudhani: unachimbwa kwa kibali katika maeneo yaliyotengwa, na siku ukiadimika bei ya plasta yote inageuka. Kipengele cha BQ usichokielewa, piga simu uulize mapema. Hakuna mkadiriaji mwenye akili atakayekuona mjinga kwa kuuliza.

Kwetu sisi wa upande wa pili, deni ni hili: BQ zitoke mapema, na matokeo yarudi. Simu ya dakika moja kumwambia fundi kwamba zabuni tumeikosa, au bei yake ilikuwa ya pili, haimshindi mtu. Mimi nawaambia wenzangu ofisini kwamba asiyerudisha jawabu hana haki ya kulalamika kwamba hajibiwi.

Hoteli za mwambao, kuanzia Nungwi hadi Paje, nyingi hufanya matengenezo yao wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Bei za kazi hizo huanza kuulizwa miezi kadhaa kabla. Kama wewe ni mtu wa paa la makuti, rangi, mabomba au bwawa la kuogelea, fungua simu yako uangalie ni ujumbe gani uliusoma ukauacha. Huenda siku ya kufunga bado haijafika.