Mbwa wa Dakika ya 12

Mama yangu akiimba wimbo wake, hubweka.

Si mzaha. Upo wimbo mmoja wa zamani, ulitamba alipokuwa msichana, unaoanza na gitaa peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye msiba. Ukipigwa popote mama huacha anachokifanya, macho yanahama, unajua kabisa hayupo tena na wewe. Ubeti wa kwanza anauimba. Wa pili anauimba. Mwisho wa ubeti wa pili, mwimbaji anapovuta pumzi aingie kwenye kiitikio, mama anabweka mara mbili, "Wou! Wou!", kisha anaingia kwenye kiitikio bila kutikisa uso.

Huyo ni Popi. Babu, baba yake mama, alitaka kuurekodi wimbo huo kutoka redioni na hakuwa na waya wa kuunganisha. Akaiweka redio kaseti uso kwa uso na redio nyingine, umbali wa shubiri moja, akabonyeza kitufe chekundu pamoja na cha kupigia, akaamuru nyumba nzima izuie pumzi. Wote wakatii isipokuwa mbwa. Redio kaseti zenye maikrofoni ndani hujipangia zenyewe ukubwa wa sauti: ikija kelele kubwa zinajibana, na huchukua sekunde moja au mbili kujiachia tena. Kwa hiyo Popi alipobweka, wimbo ukazama kidogo halafu ukainuka. Mama huimba hata huko kuzama. Hushusha sauti, hupandisha, kama alifundishwa na mtunzi mwenyewe.

Nilimtafutia wimbo huo kwenye simu, safi, hauna hata mkwaruzo. Akausikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Huyu nani?"

"Ndiye yuleyule, mama."

"Siye. Wetu una mbwa."

Basi nikajitia fundi. Nikasema nitaichukua kaseti ya babu, niipige, niihamishie kwenye simu. Kaseti ilikuwa kwenye droo, ya dakika 60, upande A nyimbo, upande B babu ameandika kwa wino: MANENO YANGU. Hayo maneno yake hakuna aliyewahi kuyamaliza. Babu alikuwa mtu wa nasaha, na nasaha zake zilikuwa na utangulizi wa dakika kumi na kitu. Sote tulisinzia njiani.

Redio kaseti yenyewe ilikaa juu ya sanduku lake. Sanduku hilo halijafunguliwa tangu azikwe. Ufunguo haukuonekana, na mama hataki kusikia habari za kuvunja, kwa sababu mzee alisema ufunguo upo. Kwa hiyo miaka yote hii sanduku limekuwa meza.

Kaseti iliyolala miaka haipigwi hivi hivi. Kwanza unaupeleka mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha nyuma hadi mwanzo, ili mizunguko iliyogandana iachane. Unachungulia kile kipande cha sponji kilicho katikati ya mdomo wa kaseti, kinachousukuma mkanda uguse hedi, kile kichuma kinachosoma sauti. Gundi yake huoza, sponji ikadondoka, ukabaki unasikia wimbo kwa mbali kama uko kwa jirani. Kisha unageukia redio: pamba, spiriti kali isiyo na maji mengi, unasugua hedi, kijiti cha chuma kinachozunguka na gurudumu la mpira linalokibana, hadi pamba itoke bila weusi. Mwisho unaangalia kama kigurudumu cha kupokea mkanda kinazunguka kwa nguvu.

Hayo yote niliyajua. Sikufanya hata moja, kwa kuwa mama alikuwa ameshakaa.

Kinachouvuta mkanda si vile vigurudumu viwili unavyoviona vikizunguka. Ni kijiti cha chuma na gurudumu la mpira, ambavyo huubana katikati na kuusukuma sentimita 4.76 kila sekunde, kuwe na wa kuupokea au kusiwe na wa kuupokea. Kigurudumu cha kupokea kazi yake ni kukusanya tu. Belti yake ikilegea, mkusanyaji analala na msukumaji anaendelea. Mkanda unajaa tumboni mwa redio, unalinasa gurudumu la mpira, unajizungusha humo. Ndiko kuliwa kwa kaseti.

Yetu ililiwa dakika ya 12, ndani ya wimbo wenyewe, mwisho wa ubeti wa pili. Sauti ikapinda, ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikanyamaza. Nilipofungua mlango mkanda ulitoka kama utumbo.

Hapo usivute. Unachomoa umeme, unalitafuta gurudumu zito lililo nyuma ya kile kijiti, unalizungusha kinyume kwa kidole, taratibu, mkanda unajikunjua wenyewe. Mimi nilivuta. Nikapata kipande kilichokunjamana kama karatasi ya peremende, urefu wake sentimita 24. Nikapiga hesabu ya haraka: 24 kugawa kwa 4.76, ni sekunde 5. Nikajiambia sekunde 5 ni nini, hata chafya huzidi. Nikatwaa wembe.

Mkanda uliokunjamana bado una sauti. Hupungukapungua pale mikunjo inapouinua usiguse hedi, lakini unasikika. Unalazwa juu ya kioo na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko, bila pasi wala moto wowote, maana plastiki hiyo ikipata joto husinyaa na haikunjuki tena. Kukata ni kwa mkanda uliokatika tayari. Na kabla ya kukata kumbuka jambo ambalo mimi nilipaswa kulikumbuka zaidi kuliko yote: mkanda una upana usiofika milimita 4, na pande zote mbili za kaseti zinalala kwenye uso huo mmoja, upande A nusu ya chini, upande B nusu ya juu, zikielekea kinyume. Dakika ya 12 ya upande A iko ubavuni mwa dakika ya 18 ya upande B. Huwezi kukata nyimbo ukaacha nasaha.

Nikafungua skrubu 5. Ukifungua, ganda lilale mezani na nusu ya juu inyanyuliwe wima. Ukiliinamisha, vile viringo viwili vya pembeni huchomoka na kubingirika chini ya kabati, na kule ndiko vilikokwenda. Nikavirudisha. Mhandisi Lou Ottens na wenzake wa kampuni ya Philips walipoitoa kaseti hadharani Berlin mwaka 1963, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mtu hagusi mkanda kwa mkono. Walikuwa wananiongelea mimi.

Kuunga kuna kanuni. Ncha zote mbili hukatwa mshazari, nyuzi 45, ili kiungo kipite kwenye hedi kidogo kidogo bila kishindo. Selotepu iwe ile maalumu ya kanda, kwa sababu ya kawaida gundi yake huvuja pembeni na kuubandika mkanda kwenye mzunguko wa pili. Na ibandikwe upande wa nyuma, usio na sauti. Niliwahi kuambiwa upande wa nyuma ni ule unaong'aa. Kwenye kanda nyingi za zamani za magurudumu makubwa ni kweli. Kwenye kaseti hung'aa mara huku mara kule, maana upande wenye sauti nao husuguliwa hadi uwe laini. Kipimo cha uhakika ni kimoja: upande wa sauti hutazama nje ya kaseti, kwenye hedi.

Mimi nikaangalia mng'ao. Nikalaza ncha mbili mezani, zikakataa kukutana. Moja imelalia kulia, nyingine kushoto. Mkanda ulikuwa unanieleza kwa adabu zote kwamba kipande kimoja kimepinduka. Nikaona ni ujeuri. Nikaikata upya ile moja mpaka zikakubaliana, nikabandika, nikafunga skrubu. Kilichobaki nikakizungusha kwa kalamu ya pembe sita, maana redio sikuiamini tena. Kaseti kama hiyo ina mkanda wa karibu mita 90, mizunguko zaidi ya 700 kutoka mwisho hadi mwisho. Kidole kilivimba.

Nikabadilisha belti, nikasugua mpira kwa spiriti. Usiku tukakusanyika: mama, mama mdogo, na mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye alikuja kwa ajili ya mbwa.

Gitaa likabisha hodi. Mama akahama macho. Ubeti wa kwanza, mama mdogo akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kanga. Ubeti wa pili, mtoto akanisogelea sikioni, "Mjomba, sasa hivi?" Nikamwambia sasa hivi.

*Tak.*

Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, imefukiwa, kama anaongea ndani ya mtungi. Maneno hayakuwa ya lugha yoyote. Alikuwa anayanyonya badala ya kuyatoa. Akakohoa, na kikohozi chenyewe kilianza na mwisho wake kikaishia na mwanzo.

"Hiyo sauti ya baba!" mama mdogo akapiga yowe.

Ilikuwa yake. Na ilikuwa inatokea kwenye sanduku lake.

Mama mdogo alipita dirishani. Mlango ulikuwa wazi. Mtoto alipanda mgongoni mwangu na kunikaba koo, na mimi, katika kutafuta kitufe cha kuzimia, nikaongeza sauti hadi mwisho. Mzee akanguruma nyumba nzima. Aliyebaki ametulia ni mama peke yake. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaitikia:

"Abee, baba."

Nikang'oa waya ukutani. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu mota haisimami papo hapo. Hupunguza mwendo, na sauti hushuka nayo. Babu alizama taratibu kwenda chini, chini, hadi akaisha kwa mkoromo.

Sikulala. Kulipokucha nilikuwa nimeelewa. Kipande kikiungwa kimepinduka, ukingo wake wa juu unakuwa wa chini. Hedi inayosoma upande A inakutana na sauti ya upande B. Na kwa kuwa upande B ulirekodiwa kuelekea kinyume, unausikia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Babu alikuwa anahutubia kinyumenyume, kutoka dakika ya 18 kurudi kwenye salamu. Kufukiwa kwake ni kwa sababu mgongo wa mkanda ndio uliogusa hedi. Kwa mwendo ule wa kaseti, kila mtetemo wa mlio wa mitetemo 10,000 kwa sekunde hulala ndani ya maikroni zisizofika 5, na maikroni elfu ndiyo milimita moja. Ukiweka plastiki ya maikroni kumi na kitu kati ya mlio huo na hedi, hakuna kinachopita ila mabesi. Na babu alikuwa na mabesi.

Nilimweleza mama mdogo haya yote akiwa kwa jirani, kupitia ukuta. Akajibu kwamba wachawi wote huwa na maelezo.

Nikafungua skrubu 5, nikabandua kiungo, nikageuza ncha, nikaiunga upya. Safari hii upande A ulipita bila mzuka. Ubeti wa pili, tak, kiitikio. Mama akafungua mdomo kubweka, akakuta kiitikio kimeshaanza bila yeye.

"Mbwa yuko wapi?"

Nikababaika. Nikasema tusikilize kwanza upande B, wote waridhike kwamba yule ni babu wa kawaida. Mama mdogo akarudi, akakaa karibu na dirisha. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya familia yetu hakuna aliyesinzia, kwani hofu ni dawa nzuri ya usingizi. Dakika 5 salamu. Dakika 7 nidhamu. Kisha kuamka mapema, kisha kukopa, kisha kukopesha. Dakika ya 18 babu akakohoa, kwa mpangilio unaofaa, akasema:

"Sasa wanangu, ufunguo wa sanduku. Nasema mara moja tu, sirudii. Nimeuficha kwenye..."

*Tak.*

"...na hapo panya hawafiki."

Hakuna aliyeniangalia. Wote waliangalia redio, kisha sanduku lililo chini yake, kisha taratibu, mmoja mmoja, wakanigeukia.

"Kile kipande ulichokata," mama akasema, kwa upole uliozidi.

"Nilikitupa kwenye..."

"Mjomba, ule uliokuwa unang'aa?" mtoto akadakia. "Niliuokota. Nimeufunga kwenye mkia wa kishada."

Kishada kilikuwa kileleni mwa mti, kimenasa tangu juzi, na mkia wake wa sentimita 24 unapepea na kumeta juani. Nikapanda na selotepu mfukoni na wembe mdomoni. Nilipofika tawi la mwisho nikanyoosha mkono, nikakishika kwa kucha mbili, nikapaza sauti kwamba nimeupata, ufunguo umepatikana.

Mama akakinga macho kwa kiganja, akanijibu kutoka chini:

"Achana na ufunguo! Tazama kama Popi yumo!"