Msisimamishe picha katikati ya pigano

Hapa Bukavu, kila tunapokusanyika kwa jirani kule Kadutu kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, hakosekani mtu wa kusimamisha picha katikati ya pigano ili atuonyeshe uso uliovutika, jicho moja likiwa limehamia karibu na sikio, na kutangaza kwamba mchoraji hajui kuchora. Jambo hili linaniudhi sana. Filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wa anime mara nyingi huchora 12 au 8 tu, na mchoro ule uliopindishwa ndio unaolifanya jicho lihisi kasi ya ngumi. Haukuchorwa ili utazamwe ukiwa umesimama. Mtu huyohuyo hukubali bila neno kwamba shujaa amebomoa ukuta kwa mgongo wake na kuinuka mzima, kisha analalamika kwamba mkono umerefuka! Kwangu mimi, kosa la kweli ni pale hadithi inapotuambia kwamba nguvu fulani humchosha anayeitumia, halafu katika pigano la mwisho anaitumia tena na tena bila hata kutokwa jasho. Hapo lalamikeni, nami nitawaunga mkono, lakini telekomandi isiguswe kabla pigano halijaisha.