Maji ya baraka si zindiko
Mwandishi ninayemjibu hapa anadai kwamba Mkristo anayeweka maji ya baraka nyumbani hana tofauti na aliyekwenda kwa mganga kuchukua zindiko, yaani dawa ya kujikinga na uchawi. Hapo nakataa kabisa. Aje siku moja kwenye Mkesha wa Pasaka katika kanisa Katoliki, asikilize sala ya padri anapobariki maji: Roho wa Mungu juu ya vilindi tangu mwanzo, gharika, Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu, Yesu kubatizwa Yordani, damu na maji kutoka ubavuni mwake msalabani. Mshumaa wa Pasaka unachovywa humo, kisha sisi waamini tunarudia ahadi za ubatizo na kunyunyiziwa. Kwa hiyo nikichovya kidole kwenye maji hayo mlangoni na kufanya ishara ya msalaba, nakumbuka mimi ni mbatizwa; sitafuti kinga dhidi ya jirani. Kwetu Dodoma vijijini, ambako kiangazi akina mama hupanga foleni ya ndoo kisimani kabla hakujapambazuka, maji ya ubatizo huja kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la kijijini, kwa dumu lilelile la njano linalotekewa maji ya uji, na hakuna anayeona ajabu. Hata yule mwanamke Msamaria alikuwa amefuata maji ya nyumbani tu Yesu alipomwambia, nipe ninywe. Wanaowauzia wagonjwa vichupa vya maji ya upako kwa bei ya kuumiza, hao wakemewe bila huruma. Ila wenzangu Walutheri na Waanglikana, nyinyi katika siku za kawaida mnaukumbukaje ubatizo wenu?