Baba yangu hakuulizwa cheti ziwani, binti yangu anaulizwa

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka 16 alikuwa anajiandaa na mtihani wake wa kuendesha boti, akawa ananisomea maswali jikoni hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. "Baba, boti mbili zinakuja uso kwa uso. Kila nahodha anapinda wapi?" Nikasema kulia. Nikapata. "Mtoto wa miaka 9 anaruhusiwa kukaa bila jaketi boti ikitembea?" Nikasema itategemea ziwa lilivyo siku hiyo. Nikakosa. Minnesota mtoto aliye chini ya miaka 10 anavaa jaketi okozi boti ikiwa inatembea, ziwa liwe shwari au limechafuka.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Tanzania ndani ya Ziwa Victoria. Nimevuka kwenda kisiwa jirani cha Ukara mara nyingi mno, na sikumbuki siku hata moja nilipovishwa kitu. Ndiyo maana swali lile lilinikaa moyoni.

Sheria anayoisomea binti yangu, inayomtaka nahodha awe na cheti, ilipitishwa na Bunge la jimbo mwaka 2023 ikaanza kazi Julai 1, 2025. Walianza na vijana waliozaliwa tangu Julai 2004, na kila mwaka wanaongeza wakubwa kidogo, hadi 2028 itakapowafikia waliozaliwa tangu Julai 1987. Mimi ni wa 1979, hainigusi kabisa. Hapo naona wamekosea, maana wazee wenye boti kubwa ndio wenye mazoea sugu. Nimeamua nitafanya mtihani huo hata hivyo.

Kuna sheria nyingine ya hapa iliyoniuma zaidi. Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7 alifariki ndani ya boti katika Ziwa Minnetonka kwa hewa ya sumu iliyovuja kutoka kwenye injini. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kuweka vifaa vya kutambua hewa hiyo kwenye boti zenye vyumba vya ndani. Mtoto mmoja. Wazazi wake walilia, na serikali ikasikia.

Nikikumbuka hilo, siwezi kuacha kuikumbuka Septemba 20, 2018. MV Nyerere ilitoka Bugorora siku ya gulio ikapinduka ikiwa imebakiza mita chache tu kutia nanga Ukara. Kivuko cha abiria 101. Walikufa zaidi ya watu 220. Rais Magufuli alisema hadharani kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Bodi za mashirika yaliyohusika zilivunjwa, watu wakakamatwa, kivuko kipya kikajengwa, na kwa hayo nashukuru. Ila niambieni ndugu zangu wa visiwani: mwaka jana mlipovuka kwa mtumbwi wa injini, kuna mtu aliyemuuliza nahodha alijifunzia wapi?

Msinijibu kwamba kwetu hakuna sheria. Zipo. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, wana jukumu la kusajili na kukagua hata vyombo vidogo. Tatizo ni kwamba sheria inaishia mjini, na mwalo uko mbali.

Baba yangu alivua dagaa kwa karabai miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa akiangalia wingu la upande wa mashariki anasema leo hatutoki, na hakukosea mara nyingi. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka ofisini ajaze fomu za Kiingereza utakuwa umemdhalilisha, na atarudi kwake aendelee kama zamani. Mimi ningependa mtihani umfuate mwaloni, uwe wa mdomo, kwa Kiswahili au Kikerewe, ukisimamiwa pamoja na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wanaomjua. Aulizwe mzigo wa mtumbwi wake, aulizwe atafanya nini injini ikizimika katikati ya ziwa, avae jaketi mbele ya watahini. Akifaulu apewe cheti, na asiye na cheti asipakie abiria. Sioni kwa nini hilo liwe gumu kwa nchi inayoweza kuandikisha wapiga kura mpaka kisiwa cha mwisho.

Wala sitaki mtu adhani huku wamemaliza. Mwaka 2023 ajali za boti za starehe ziliua watu 564 Marekani nzima. Robo tatu yao walizama, na kwa takwimu za Walinzi wa Pwani, asilimia 87 ya waliozama hawakuwa wamevaa jaketi. Watu wenye fedha, wenye boti mpya, jaketi zikiwa chini ya kiti. Nilipozisoma namba hizo niliwaona wavuvi wetu waziwazi, kwa sababu kwetu pia jaketi huwa zipo, zimegeuzwa mto wa kulalia.

Mdogo wangu bado ana mtumbwi kule nyumbani. Mwezi uliopita nilimtumia fedha za jaketi sita, akanunua. Jana amenipigia kuniambia vijana wanazivua wakifika mbali, wanasema zinawabana wakivuta nyavu. Sikumgombeza. Kuna aina nyembamba zinazojaa hewa ukivuta kamba, hazizuii mikono. Nimemwomba anipimie vifua vya vijana wote sita anitumie namba.