"Tunajumlisha au Tunatoa?" Kishikwambi na tabia ya kufikiri katika shule za msingi Nyanda za Juu Kusini

Swali linalosikika kuliko yote katika kipindi cha Hisabati, Uyole mpaka Makete, ni fupi. Mwalimu anaandika fumbo ubaoni, hajamaliza mstari wa pili, mkono umeshanyooshwa: "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunatoa?" Mtoto akiambiwa atoe, anatoa, tena bila kosa. Hesabu anaiweza. Habari iliyomo ndani ya fumbo ndiyo hajaisoma, na hajaona sababu ya kuisoma, kwa kuwa miaka yote yupo mtu wa kumwambia alama ya kuweka.

Swali hilo sasa lina uzito mpya. Vishikwambi vya sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mambo mawili kwa mpigo: mtoto aweze kutatua matatizo, na aweze kutumia TEHAMA. Wapo wanaosema vifaa viingie mikononi mwa watoto mapema iwezekanavyo. Wapo walimu wanaosema tujenge kwanza tabia ya kufikiri kwa ubao na chaki, kifaa kitafuata. Hawa wa pili wamebandikwa jina la waoga wa teknolojia. Wengi wao wanashinda na simujanja mkononi. Hoja yao ni nyingine kabisa, na haijasikilizwa ipasavyo.

Tuanze na upande wa vifaa, maana una nguvu zake. Darasa la watoto 70 lina madaftari 70, na mwalimu mmoja hawezi kuyasahihisha yote kabla mtoto hajasahau alichokuwa anafikiri. Programu inasahihisha papo hapo. Ushahidi wa nyumbani upo: kati ya 2017 na 2019, katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto ambao wengi wao hawakuwa shuleni walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua. Walijifunza herufi, maneno na hesabu za mwanzo, na Mei 2019 timu mbili za watengenezaji wa programu, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi kuu ya Global Learning XPRIZE, shindano lililoandaa jaribio hilo. Kuna pia suala la lugha. Mtoto wa kijijini Rungwe anayezungumza Kinyakyusa nyumbani, au wa Makete anayezungumza Kikinga, anafaidika kusikia sentensi ya Kiswahili ikirudiwa mara kumi na sauti isiyochoka wala kukasirika.

Ila kilichopimwa Tanga kilikuwa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Hapo jibu sahihi ni moja na kurudiarudia ndiko kunakofundisha. Fumbo halifundishiki hivyo.

Huko Peru, vijijini, shule za msingi 319 ziliingizwa katika utafiti kuhusu kompyuta za watoto. Shule zilizopata mradi zilifikia kompyuta 1.18 kwa kila mwanafunzi, wakati zile za kulinganishia zilikuwa na 0.12. Baada ya miezi kama 15, alama za Hisabati na lugha hazikusogea. Wapinzani wa vifaa wanapenda kuishia hapo. Utafiti huohuo uliona watoto wakisogea kidogo katika vipimo vya kufikiri kwa jumla, vile vya kutafuta umbo linalokosekana, kwa hiyo anayetaka kuutumia kama rungu aubebe mzima.

Takwimu inayonigusa zaidi haina kompyuta ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Grenoble, Ufaransa, walimu wa Hisabati waliwapa watoto 97 wa miaka kama 7 hadi 9 fumbo hili: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walijibu kwa kuzichezea zile namba. Ni karibu wanane katika kila kumi. Hapa hatuwezi kusingizia uhaba wa madawati wala wa umeme. Watoto hao walikuwa wamejifunza somo moja kwa ukamilifu: mwalimu akitoa namba mbili, kazi yangu ni kuziunganisha, na jibu lazima lipatikane. Walijifunza wapi? Darasani, kwa maelfu ya mafumbo ambayo kila mara yalikuwa na namba mbili na jibu moja. Tabia ya kutofikiri nayo hufundishwa, tena na walimu wenye bidii.

Kwetu inafundishwa kwa njia ya maneno ya kidokezo. Ukutani limebandikwa karatasi: "jumla" na "zaidi" maana yake jumlisha, "zimebaki" na "pungufu" maana yake toa. Kisha linakuja fumbo: Tumaini ana miche 12 ya parachichi, nayo ni 5 zaidi ya miche ya Upendo, Upendo ana mingapi? Mtoto anaona "zaidi", anaandika 17. Jibu ni 7. Anayefuata karatasi ya ukutani kwa uaminifu ndiye anayekosa, na anayechora vijistari vya miche kwenye mchanga ndiye anayepata.

Mwalimu anayetaka tabia kwanza anafanya nini, basi, katika dakika zake 40? Mwanahisabati George Pólya aliyapanga mambo haya mwaka 1945 katika hatua nne: elewa tatizo, panga njia, ifuate, kisha rudi nyuma utazame. Kwa mazingira ya milima ya Uporoto, fumbo linaweza kuwa la lumbesa. Dakika 5 za kwanza mwalimu anasimulia bila namba hata moja: mkulima anauza viazi kwa gunia, mnunuzi amelijaza mpaka likaota kilemba, bei imebaki ileile. Kumetokea nini? Nani amepata, nani amekosa? Watoto wanalijua jambo hili kuliko mwandishi wa kitabu. Dakika 5 wanasimuliana wawili wawili. Ndipo namba zinaingia: gunia la kilo 100 ni shilingi 70,000, lumbesa lina kilo 130, mkulima amepoteza shilingi ngapi? Dakika 3 ni za kukadiria tu, kila mtoto aandike kadirio lake kwenye kona ya daftari. Dakika 12 ni za kuchora na kukokotoa. Dakika 10 njia mbili tofauti ziwekwe ubaoni, mojawapo iwe na kosa. Dakika 5 za mwisho swali linabaki moja: jibu hili linaingia akilini?

Makosa yatakayojitokeza yanajulikana. Wapo watakaotoa 100 kwenye 130 na kuandika "shilingi 30". Wapo watakaozidisha 130 kwa 70,000 na kupata milioni tisa na laki moja kwa gunia moja la viazi, wakapiga mstari chini kwa rula. Kadirio la kwenye kona ndilo linalowaamsha: aliyeandika "kama elfu ishirini" akikutana na milioni tisa anashtuka mwenyewe, kabla kalamu nyekundu haijamfikia. Bei ya kilo ni 700, kilo zilizozidi ni 30, hasara ni 21,000.

Somo hili huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni kusubiri. Mary Budd Rowe wa Marekani alipima darasani miaka ya 1970 akakuta mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuchagua mtu au kujibu mwenyewe. Hesabu kimya moja mpaka kumi ndipo unyooshe kidole. Pa pili ni makofi. Mtoto wa kwanza akipatia, darasa linaambiwa limpigie makofi, na hapo hapo watoto 69 wanaacha kufikiri. Afadhali mwalimu aseme "umejuaje?" kwa sauti ileile, awe amepatia au amekosea.

Sasa chukua programu nyingi za mazoezi zinazopakuliwa bure. Swali, majibu manne, mtoto anabonyeza. Akikosa, anaruhusiwa kujaribu tena. Piga hesabu. Asiyejua chochote, akiwa harudii jibu aliloshindwa, atapatia kwa wastani wa mibonyezo miwili na nusu. Maswali 10 ni mibonyezo 25. Kila mbonyezo ukichukua sekunde mbili, kazi imeisha kwa sekunde 50, nyota zinamiminika kwenye kioo, na ripoti inasema amemaliza. Mtoto hajadanganya. Amegundua njia fupi ambayo mtengenezaji ameiacha wazi, na kwa kweli huo ni utatuzi wa tatizo, ila si lile tulilokusudia. Hapa ndipo walimu wa "subirini kwanza" wanapoeleweka vibaya. Kinachowatisha ni kasi ya kusahihishwa. Mtoto anayeambiwa papo hapo kwamba amekosa hana haja ya kujiuliza kama jibu lake linaingia akilini. Kifaa kimemfanyia hatua ya nne ya Pólya, na hiyo ndiyo aliyohitaji kuifanya mwenyewe.

Upande wa vifaa una jibu moja zuri kwa hili, nalo ni kuandika programu. Mtoto akipanga amri za kumwongoza paka kwenye kioo, "mbele hatua tatu, geuka kulia, mbele mbili", na paka akagonga ukuta, kosa linaonekana bila mtu kucheka wala kukaripia. Hakuna majibu manne ya kubahatisha. Anarudi kwenye amri zake, moja baada ya nyingine, akitafuta ilipoharibika. Ubao haumpi hili kwa urahisi. Mchezo huohuo huchezwa kwa mraba uliochorwa kwa chaki kwenye uwanja, mtoto mmoja akiwa roboti na mwingine akisoma amri, na inafaa uanzie huko. Lakini uvumilivu wa kioo kwa mtoto mwenye haya ni faida halisi.

Yaliyobaki ni ya fundi na hali ya hewa, na huku kwetu si madogo. Kuanzia Novemba hadi Mei, mvua ikipiga mabati ya Tukuyu, hakuna kishikwambi kinachosikika. Somo la sauti limekufa. Paneli ya sola chini ya mawingu hayo hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Umeme wenyewe si mwingi kama watu wanavyodhani: vishikwambi 40 vyenye betri ya mAh 5,000 hula takriban yuniti moja ya LUKU kujaa vyote. Kinachokwamisha ni soketi moja ofisini, chaja arobaini, na tundu la kuchajia linalolegea kwa sababu watoto husukuma waya kichwa chini. Ndani ya kipindi nako, kugawa huchukua dakika 5, kufungua na kufikia ukurasa mmoja dakika 7, kukusanya na kuhesabu dakika 5. Zimebaki 23.

Kuna pingamizi ambalo walimu wa tabia kwanza hawalijibu vizuri, na wasilikwepe. Fumbo moja kwa kipindi kizima halimalizi silabasi, na mzazi wa Iringa mjini anayelipia masomo ya ziada anahesabu maswali kwenye daftari, si mawazo. Mtihani wa darasa la saba nao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Kipindi cha namna hii kikiwa kimoja kwa wiki, vingine vikaendelea na mazoezi ya kawaida, kinabebeka. Vikiwa vitano, mwalimu mkuu ataitwa kujieleza.

Kishikwambi kimoja cha mwalimu, wakati huohuo, kinatosha kuliko kinavyodharauliwa. Kipige picha madaftari mawili yenye njia tofauti, mwalimu ayanakili ubaoni bila majina. Kirekodi mtoto akieleza alivyofikiri, na sauti hiyo isikilizwe na walimu katika kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), ambako mara nyingi hujadiliwa karatasi zaidi kuliko watoto. Vikiwepo kumi na vinne, watoto watano kwa kifaa, na sheria mbili. Anayeshika kifaa hasemi, wanaosema hawakishiki, na wanabadilishana kila dakika nne, la sivyo mwenye nguvu atakishika mpaka kengele. Ya pili: jibu liandikwe daftarini na wote watano kabla kidole hakijagusa kioo. Programu ichaguliwe inayotaka mtoto aandike namba mwenyewe, na kujaribu tena kuzimwe kama inawezekana.

Kalenda yenyewe inaonesha mpangilio. Januari hadi Mei ni miezi ya mabati na mawingu, basi iwe ya ubao, vizibo, mabua na "umejuaje?" Julai hadi Oktoba kumekauka, sola inashika, sauti inasikika, vifaa vitoke kabatini hapo, kwa watoto ambao tayari wana mazoea ya kukadiria kwenye kona ya daftari. Novemba, mvua ikirudi, mwalimu aandike ubaoni fumbo la kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha awe dereva wa Fuso la kwenda soko la Mwanjelwa, asitoe kidokezo chochote, kisha akusanye madaftari yote 70 na kuhesabu ni mangapi yameandikwa namba.