Msitu si mtupu, mwacheni mwongozaji aongoze

“Mbona hakuna kitu?” Hatujatembea sana ndani ya Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya huko Kilifi, na tayari mwenzetu mmoja kwenye kundi anamrushia mwongozaji swali hilo, tena kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mali mbovu. Alitaka ndovu. Kijana wa watu akamjibu kwa upole kwamba ndovu wamo ila mchana hujificha, kisha akaendelea na njia. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, na mpaka leo haijaniisha.

Jamani, kusema msitu hauna kitu ni maneno ya hatari. Karura, msitu wa jijini Nairobi, ilipogawiwa watu binafsi miaka ya 1990, ardhi ile ilihesabiwa kama viwanja. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti Januari 1999 walipigwa. Leo familia zinatembea Karura kwa sababu wapo waliokataa kuamini kwamba pale ni pori la bure. Na huku Kilifi vilevile: mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wanaopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Wao siwezi kuwalaumu sana. Mtu anayekesha akilinda mahindi yake yasiliwe na ndovu, utamwambiaje aupende msitu? Mradi wa Kipepeo ulipoanza Gede, kando ya msitu huo, mwaka 1993, wanakijiji wakafuga vipepeo wa msitu huohuo na kuuza pupa (vipepeo wachanga wakiwa bado kwenye vifuko vyao) ng’ambo, wengi wakaanza kuutazama kwa jicho jingine. Waliona kilichomo, na wakaona kuwa nao wamo.

Kwa sisi tunaokuja kutembea, kazi hiyo ya kutufumbua macho anaifanya mwongozaji. Chukua bundi mdogo wa Sokoke. Kimo chake hakizidi sana sentimita 16, na mchana hulala kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, rangi yake imeshabihiana na vijiti na majani makavu. Unaweza kusimama hatua chache mbele yake, ukaelekezwa kwa kidole, na bado usimwone. Duniani kote anajulikana hapa Kilifi na kwenye miteremko ya chini ya Usambara, Tanzania, basi. Kumpata kunahitaji mtu anayejua vichaka anavyopenda, mtu aliyeuzoea msitu huu miaka na miaka. Ukimharakisha mtu huyo, umeupoteza msitu wenyewe.

Au sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Mara nyingi anasikika kabla ya kuonekana: akishtuka hukimbia akipiga majani makavu kwa miguu ya nyuma, na kile kiraka cha manjano kinapita kama hukutazama vizuri. Mwongozaji huinua mkono, kundi zima linasimama, hakuna anayepumua kwa nguvu. Mwenye haraka atapata mtikisiko wa majani tu, halafu atarudi nyumbani kusema hakuna kitu.

Hata mchanga unasimuliwa. Unatoka kwenye msitu mchanganyiko, unaingia kwenye miti ya mirihi iliyosimama kwa nafasi juu ya mchanga mweupe, kisha udongo unageuka mwekundu na vichaka vinakubana pande zote. Sauti za ndege nazo zinabadilika. Kwenye mirihi ndiko anakopita kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, lakini mahali anapojenga viota hapakujulikana mpaka 2013, huko Dakatcha, msitu mwingine wa Kilifi. Miaka 100! Wataalamu wenye darubini walisubiri karne nzima, na wewe unamdai kijana wa watu maajabu kabla jasho halijakutoka?

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila mwongozaji ana kipaji cha kueleza. Wapo wanaotaja jina la mti na kupita, na mgeni anabaki na jina tu. Waambiwe, wafunzwe, walipwe vizuri ili wenye ujuzi wasiikimbie kazi. Mbu pia wapo. Hilo sina la kulipinga.

Ila msimshinikize acheze rekodi za sauti za ndege kwenye simu ili mpate picha. Ndege anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kumkabili mpinzani asiyekuwepo, na kesho kundi jingine linamfanyia hivyohivyo. Mwongozaji akikataa, ana haki.

Na nyinyi mnaopanga matembezi haya, msilete watu arobaini nyuma ya mtu mmoja. Gaweni makundi madogo, ajirini waongozaji zaidi kutoka vijiji vinavyouzunguka msitu. Fikeni jua linapochomoza, ndege wakiwa bado na shughuli. Tengeni nafasi kwa watoto wa shule za jirani, waingie bila kulipa na wafundishwe na dada au kaka wa kijijini kwao, kwa sababu wengi wao wanaishi kando ya msitu huu na bundi wake hawajamwona. Njia ichaguliwe na mwongozaji. Akisema tusimame, tusimame.