Mfumo Unaweza Kuanguka Bila Mtu Kula Hela

Nikiongea na watu wa nyumbani kuhusu kazi yangu ya huku Uingereza, huwa wananiuliza, "Huko mifumo haisumbui, eti?" Inasumbua. Tena inasumbua kwa gharama ambazo kwetu zingezua mjadala wa wiki nzima bungeni. Niko upande wa mabadiliko ya TEHAMA kwenye taasisi kubwa ya umma, ule upande ambao mfumo mpya ukishanunuliwa unaambiwa "haya, wafanye watu wautumie". Kazi ya aina hiyohiyo niliifanya Dar es Salaam kabla sijaondoka. Kwa hiyo ninapolinganisha huku na kule, sizungumzii barabara na treni. Nazungumzia vikao, waraka, mafunzo, na yanayotokea asubuhi ile ambayo skrini zote zimeganda na foleni imefika nje ya geti.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa haiko kwenye mashine wala kwenye vichwa vya watu. Iko kwenye swali linaloulizwa mambo yakishaharibika. Sisi tunauliza nani kala. Wenzetu, wakiwa kwenye siku zao nzuri, wanauliza nani alitakiwa kuhoji akanyamaza.

Chukua mkasa wa benki ya TSB. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake, zaidi ya milioni 5, kutoka kwenye mfumo wa Lloyds iliyokuwa inaimiliki zamani, kwenda kwenye mfumo mpya wa mmiliki wake wa wakati huo, benki ya Sabadell ya Hispania. Taarifa zenyewe zilihama vizuri tu. Kilichogoma ni jukwaa lililozipokea. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kwa vipindi tofauti, na benki haikurudi katika hali yake ya kawaida mpaka Desemba ya mwaka huo. Hakuna aliyeiba. Hakuna zabuni iliyopikwa. Lakini uchunguzi ulifanyika, ripoti ikawekwa wazi, na ndani yake mna maswali ambayo bodi ilipaswa kuyauliza haikuyauliza, likiwemo hili: kwa nini karibu kila kitu kihamishwe kwa mkupuo mmoja? Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA akatozwa ya kwake, zaidi ya pauni 81,000, kwa kuwa hakujiridhisha vya kutosha kwamba kampuni iliyojenga mfumo ilikuwa tayari kuuendesha.

Soma tena sababu hiyo. Hakujiridhisha. Kwetu hilo si kosa, ni Jumatatu ya kawaida. Mzabuni kasema tayari, mgeni rasmi keshaalikwa, tisheti za uzinduzi zimeshachapwa. Wewe ni nani uombe ushahidi?

Wala sisemi nyumbani hakuna ukaguzi. Upo, na ni mzuri kuliko watu wanavyoujua. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anatoa kila mwaka ripoti inayohusu mifumo ya TEHAMA peke yake: mifumo isiyosomana, moduli zilizolipiwa zisizotumika, taasisi mbili zinazojenga kitu kilekile. Sema ikitoka, wote tunakimbilia kurasa zenye mabilioni yaliyopotea. Mfumo uliokufa kwa sababu hakuna aliyemuuliza karani anaufanyiaje kazi hauna mwizi, na usipokuwa na mwizi hauna habari. Unazikwa kimyakimya, wa pili unanunuliwa, na makosa ya ule wa kwanza yanahamia nao kabla hata data hazijahama.

Hata hivyo, asije mtu akadhani nawapigia debe Waingereza. Hawa hawa ndio waliotengeneza mkasa mbaya kuliko wowote ninaoujua katika fani hii, na waliutengeneza kwa kuuliza swali letu. Mwaka 1999 Posta yao ilianza kuweka mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon kwenye matawi. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haupo. Badala ya kuukagua, wakatafuta wezi. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya mawakala 900 wa Posta, wengi wao watu wa maduka madogo ya mtaani, walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta iliyokuwa inakosea. Ilibidi mwaka 2024 Bunge litunge sheria mahsusi kufuta hukumu hizo kwa jumla. Mawakala hao walikuwa wakiambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao. Ukishafanya kazi ya kuingiza mifumo, sentensi hiyo inakutoa jasho, maana ndiyo tunayoisema kila siku kwa lugha laini: "Mbona wenzako hawalalamiki?"

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna jambo ambalo kwa maoni yangu Tanzania tunawazidi, na huku nikilisema vikaoni wananitazama kama nimetania. Sisi tunajua kufunga mlango wa zamani.

Zamani kila taasisi ya serikali ilikuwa na akaunti zake za makusanyo na utaratibu wake wa risiti. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa pamoja wa malipo ya serikali, GePG, uliojengwa na wataalamu wetu wenyewe, na sheria ikaja nyuma yake kuzibana taasisi zijiunge. Leo ukilipia leseni, faini au ada ya chuo cha serikali unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu, umemaliza. Watu wanautaja kama ushindi wa teknolojia. Mimi naona ushindi mkubwa ulikuwa kule kwenye kuzima njia za zamani. Lile dirisha la kulipa taslimu lingebaki wazi "kwa muda wa mpito", lingekuwa wazi mpaka leo, na sote tunajua nani angekuwa amekaa nyuma yake.

Huku mlango wa zamani haufungwi. Mfumo mpya unaingia, wa zamani unabaki "kwa tahadhari", halafu kati yao kinajengwa kiunganishi, na mtu anaajiriwa kukilea hicho kiunganishi. Serikali yao yenyewe ilikiri mapema 2025 kwamba zaidi ya robo ya mifumo ya wizara na idara kuu ni ile iliyopitwa na wakati. Halmashauri ya jiji la Birmingham iliwasha mfumo mpya wa fedha Aprili 2022, na moja ya vilivyowaumiza ni kuupinda ufanane na taratibu walizozizoea, hasa kwenye usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyao na taarifa za benki. Matokeo yake walishindwa kujua vizuri hela zao zimekaaje, na gharama zikapanda kutoka makadirio ya awali ya pauni milioni 19 hadi zaidi ya milioni 100. Kununua suti mpya kisha kuikata ifanane na shati la zamani, halafu unamlaumu fundi.

Kuna mahali huku na kule tunafanana mpaka unacheka: mafunzo. Nyumbani mafunzo ya mfumo mpya ni siku tano Morogoro, yana posho, kwa hiyo wanaenda wakuu wa vitengo. Binti anayekaa kaunta, ambaye ndiye atakayeugusa huo mfumo kutwa nzima, anabaki kushika ofisi. Anarudishiwa faili la slaidi kwenye WhatsApp. Huku hakuna posho, basi mafunzo yamekuwa video za kuangalia mwenyewe kwenye kompyuta. Mtu anakula mkate wake mchana huku anabofya "endelea, endelea, endelea", mwisho mtihani wa maswali kumi ambao majibu yake yanajulikana ofisi nzima. Ripoti inapanda juu: asilimia kubwa wamefunzwa. Kote kuwili, siku ya kwanza mfumo ukiwashwa, anayejua kuutumia ni yule kijana mmoja aliyeuchezea mwenyewe usiku.

Na kote kuwili kuna kitabu cha pembeni. Nyumbani ni kauntabuku, lile jalada gumu lenye kona zilizochakaa, karani anaandika humo kwanza halafu jioni mtandao ukitulia ndiyo anaingiza kwenye mfumo. Huku ni jedwali la Excel la mama mmoja anayekaribia kustaafu, lenye rangi anazozielewa yeye tu. Washauri wa mradi wanaviita vitu hivyo upinzani wa mabadiliko na wanaandika mkakati wa kuvitokomeza. Mimi naona ni nyaraka bora kuliko zote jengoni. Hazina mihutasari wala michoro, lakini kila safu iliyomo iliwekwa kwa sababu siku moja mfumo rasmi ulimwangusha mtu.

Mdogo wangu ni afisa TEHAMA kwenye taasisi moja ya umma huko nyumbani. Cheo kipo, ila mara nyingi anaitwa printa ikigoma. Mkakati wanauandika wengine. Nilipomwambia kwamba huku mkuu wa TEHAMA anaweza kusimama mbele ya bodi akasema "hatuko tayari", alicheka. "Kaka, huku ukisema mfumo haujawa tayari unaonekana unahujumu. Waraka umetoka Ijumaa, Jumatatu tunaanza." Sikumbishia. Nilikuwepo kwenye Ijumaa kama hizo. Tena ndiyo kasi ileile iliyotufungia mlango wa zamani kule kwenye malipo, kwa hiyo siwezi kuilaani yote. Ninachotamani ni kwamba kati ya Ijumaa na Jumatatu awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuuliza bila kuitwa mpinzani, na mfumo ukianguka, jibu la swali lake liandikwe mahali watu wanaweza kulisoma.

Taasisi yao inaingia kwenye mfumo mpya wa kodi za wapangaji mwaka wa fedha ukianza Julai. Alinipigia kuuliza afanye nini kwa nafasi yake ndogo. Nikamwambia aende akakae na dada wa masijala kutwa nzima, asiseme kitu, apige picha kurasa za kauntabuku. Akafanya hivyo. Mfumo mpya una hali mbili za malipo: amelipa, hajalipa. Kwenye kauntabuku kuna safu ya tatu kutoka kulia, imeandikwa kwa kalamu nyekundu "kalipa nusu", na karibu kila ukurasa ina majina mengi kuliko zile nyingine mbili. Ameipeleka kwa mzabuni. Amejibiwa kwamba kuongeza safu hiyo ni kazi iliyo nje ya mkataba, na kikao cha kuijadili kimepangwa baada ya uzinduzi.